Kiwanja kipo Iyumbu, mwenyewe "yuko Mwanza": nilipe ya kukishika?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Niko Morogoro, natafuta kiwanja Dodoma. Dalali amenionyesha kimoja Iyumbu, bei karibu nusu ya viwanja vya jirani. Nimetumiwa kwa WhatsApp picha ya barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja kabla ya hati. Mwenye kiwanja anasemekana yuko Mwanza kikazi. Wanataka milioni mbili leo kwa simu za kukishika, eti kuna mteja mwingine. Mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kushuhudia. Nilipe?

JIBU: Usilipe, dada yangu. Huyo mteja mwingine kila dalali anaye.

Kiwanja chenyewe huenda ni halali kabisa, na hapo ndipo hata watu makini wananasa. Mtu anafika, anaona bikoni nne (alama za mipaka za wapimaji), namba zilizochorwa kwenye zege zinafanana na za ramani, anatoa hela. Hajauliza kama anayepokea hela ndiye mwenye jina kwenye faili.

Kwa hiyo anza na faili. Kama kiwanja kina hati, upekuzi unafanywa kwa Msajili wa Hati: utajua jina la mmiliki, kama kimewekwa rehani benki, kama kuna zuio. Chako kina barua ya toleo tu, basi kumbukumbu zake zitafute idara ya ardhi ya Jiji. Nenda na namba ya kiwanja na jina la kitalu, uliza toleo lilitoka kwa jina la nani na kama malipo yake yalikamilika. Usikubali dalali "akusaidie" kufuatilia. Majibu yake yatakuja na muhuri mzuri tu.

Dodoma tuna jambo letu la ziada. Viwanja vingi vya zamani vilitolewa na CDA, mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, iliyovunjwa Mei 2017 na shughuli zake kuhamia halmashauri. Makaratasi yake ya kweli bado yapo mikononi mwa watu, ila ukiona la CDA lenye tarehe ya baada ya hapo, ondoka bila kuaga.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kusema anamfahamu muuzaji, na hilo lina faida. Lakini hatunzi daftari la wamiliki, na muhuri wake hauhamishi umiliki.

Huyo wa Mwanza aje, au akaonane na wakili hukohuko akiwa na kitambulisho na barua halisi, siyo picha. Kama ana mwenzi, dai ridhaa ya mwenzi kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia. Mimi hata kwenye kiwanja kitupu naidai, maana ugomvi wa aina hiyo hauishi. Akidai amempa dalali mamlaka ya kuuza, tuione hati ya uwakilishi na tumpigie mwenyewe kwa namba tuliyoitafuta sisi.

Hela iende benki, akaunti yenye jina lilelile la kwenye faili, baada ya mkataba kusainiwa. Sehemu ibaki hadi uhamisho ukamilike. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo, kisha atakubali.

Na kama ulishatuma chochote kabla ya kuniandikia, usifute ujumbe wala muamala. Piga simu kwa mtandao wako sasa hivi, kisha nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako.