Wadogo zangu maafisa ugani, "sawa mtaalam" sio jibu

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja huku kwetu Mbeya Vijijini, nimemsindikiza afisa ugani mpya, kijana ana miezi mitatu kazini, vitu vyake anavijua kabisa. Ikafika zamu ya maswali, mzee mmoja akainuka taratibu na fimbo yake, akasema yeye viwavijeshi huwa anapambana navyo kwa kutia majivu kwenye moyo wa muhindi ukiwa bado mdogo. Hajamaliza hata sentensi kijana akamkatisha, "Mzee hayo ya zamani, siku hizi tunapiga dawa." Watu wakacheka. Mzee akasema "sawa mtaalam", akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali lingine, na tukiwa tunarudi kijana ananiambia kwa furaha, mama leo mkutano umeenda vizuri, wameelewa wote.

Mwanangu, hawakuelewa, walinyamaza. Nimekaa na hili jambo siku nne sasa, na kwa kuwa kila mwaka naletewa sura mpya zinazofanya kosa lile lile, acha niyaandike hapa, kwako na kwa wenzako wote mliopangiwa kata juzijuzi.

1. Ukisikia "sawa mtaalam" na mtu anakaa chini, shtuka. Mkulima aliyekubali huwa anabisha, anauliza bei, anauliza kama mvua ikichelewa itakuwaje, anakwambia jirani yake alijaribu ikashindikana. Anayesema sawa haraka hivyo ameamua tu kukuheshimu hadi uondoke. Na yule mzee hakusema upuuzi. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini 2017 wengi huku hawakuwa na hela ya dawa, wakatumia majivu, wakatumia mchanga, na kwenye shamba dogo kiwavi akiwa bado mchanga inasaidia. Ungemuacha amalize, ungeweza kumuongezea tu kwamba kiwavi akishakua na kuzama ndani, majivu hayamfikii na hata dawa inapata tabu, kwa hiyo siri ni kukagua shamba mapema. Hapo mzee angekuwa mwalimu mwenzako mbele ya kijiji kizima.

2. Shuka kwenye pikipiki. Zima injini, vua helmeti, ndipo useme shikamoo. Ukiwa upande wa Rungwe sema ndaga, ukihamishiwa Iringa au Njombe sema kamwene, hata kama ndo neno pekee unalolijua.

3. Hili ni langu na linaniuma mpaka leo.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na shamba darasa la viazi huko Umalila, kikundi cha watu ishirini na kitu, wengi wao akina mama. Tulipewa eneo zuri jirani na kijito, tambarare, udongo mweusi, nikalipenda nilipoliona tu. Siku ya kwanza tumekusanyika pale, bibi mmoja, mtu mzima kabisa, akasema, "Mwanangu, pale msipande viazi. Pale viazi vinanyauka vikiwa kijani. Pandeni ngano, au mahindi." Nikamuuliza vinanyaukaje, ila niliuliza kwa ile sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari. Akaanza kueleza, mimi nikadakia, nikawageukia watu nikasema hizo ni imani za zamani jamani, huo ni ukungu tu, mlikuwa hampulizi dawa. Wakacheka, na mimi nikacheka. Bibi akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema sawa mtaalam, akarudi nyuma ya wenzake.

Tukapanda. Mwezi wa kwanza shamba lilipendeza hadi mtendaji akaja kupiga picha. Halafu ikaanza, shina moja hapa, mawili pale, mchana majani yamelala, jioni yanainuka, kesho yake yanalala tena mpaka hayainuki, na bado ni kijani. Vikiwa kijani! Neno lile lile alilolisema bibi, lilikuwa mbele ya macho yangu na bado sikuliona, kwa sababu nilishasema mbele za watu kwamba ni ukungu. Nikawachangisha elfu tano tano tuongeze mankozebu, dawa ya ukungu. Wakatoa, akina mama wanaouza debe la viazi wapate hela ya daftari, wakatoa. Tukapuliza, bomba la solo mgongoni, wiki baada ya wiki, kwa ugonjwa ambao dawa ya ukungu haiugusi kabisa.

Mwisho nikamuomba mtafiti mmoja kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole aje. Alifika, akatembea kwenye matuta bila kusema neno, akang'oa shina moja, akaomba glasi ya maji safi. Akakata kipande cha shina kwa kisu, akakining'iniza juu ya maji ncha ikigusa kidogo tu. Tukasimama tunaangalia. Dakika chache hivi vikaanza kushuka vijiuzi vyeupe kutoka kwenye ile ncha, vyembamba kama maziwa yanayodondokea kwenye maji. Akachimba kiazi, akakipasua, ndani kuna duara la kahawia, na kwenye macho ya kiazi unatoka ute, udongo umenata pale pale kwenye macho. Mnyauko bakteria. Unakaa kwenye udongo miaka, unasambaa kwa mbegu, kwa jembe, kwa maji yanayotiririka, na dawa ya kuutibu shambani hakuna. Bibi alishanipa jibu lote, kasoro jina la kisayansi tu.

Nilienda kwake kesho yake. Alikuwa anapukuchua maharage, hakuacha kupukuchua. Nikaomba msamaha kuhusu shamba. Akanyamaza muda mrefu halafu akasema, mimi shamba halikuniuma, viazi huwa vinakufa, kilichoniuma mjukuu wangu alikuwepo na alicheka na wewe. Sikuwa na la kusema. Kisha akaniambia kitu kingine ambacho kiliniumiza zaidi, kwamba siku ile alikuwa na maneno mengine ya kuniambia, alijua ni nani kijijini aliyewahi kupoteza viazi hivyo hivyo na mbegu ya pale ilienda kwenye mashamba ya akina nani, lakini aliona nimeshamaliza kuongea. Na wakati huo akina mama wawili walikuwa tayari wamebeba viazi vidogo kutoka shamba darasa letu wakavifanye mbegu kwao. Tuliwakimbilia wote wawili, mmoja tulimuwahi, mwingine alishapanda.

Msamaha wa pale kwenye maharage haukutosha, kwa sababu dharau niliifanya hadharani. Mkutano uliofuata nilisimama nikasema mbele ya watu wote kwamba bibi alisema kweli, mimi ndiye sikusikia, nikamuomba aeleze mwenyewe upya tangu mwanzo. Alieleza kama dakika ishirini, na mjukuu wake alikuwa amekaa mbele kabisa. Ndipo watu wakaanza kutaja mashamba yao, mmoja baada ya mwingine, na mimi naandika tu. Lile shamba tukaligeuza la mahindi.

4. Futa mdomoni maneno haya: hujui, nilishawaambia, ninyi mna tabia ya. Sema "hebu nipeleke nikaone". Ukifika shambani mtu anaongea tofauti kabisa na alivyoongea mkutanoni.

5. Msije mkadhani kwamba hii ni adabu tu ya kupendeza. Wakati wa mkoloni kule Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko, wenye mlima wakalalamika kwamba kazi ni nzito na udongo wa juu kule ni mwembamba, ukichimba ngazi unaleta juu udongo usiozaa. Hawakusikilizwa, ikafika 1955 zikatokea vurugu, mtu akafa, na mradi wenyewe ukaachwa. Wakati huo huo huku kwetu kusini, Mbinga, Wamatengo walikuwa na ngoro zao kwenye miteremko mikali ambayo ukiiangalia unasema hapa hapalimiki. Wanafyeka nyasi, wanazipanga miraba miraba, wanachimba udongo wa katikati wanazifunika, linabaki shimo linalokamata maji na nyasi zinaoza zikiwa mbolea, juu yake maharage, halafu mahindi. Hakuna aliyewafundisha kutoka ofisini. Nikikutana na kijana anacheka kilimo cha wazee huwa natamani nimpeleke Mbinga akasimame chini ya mlima mmoja aangalie juu, au Iringa akaone vinyungu vya bondeni vinavyolisha watu mboga kiangazi chote, halafu ndo aniambie nani ni wa zamani.

Na mimi sisemi kila cha mzee ni sahihi, hapana. Kuna mtu atakwambia anataka kupanda tena mbegu ya mahindi chotara ya msimu uliopita, UH6303 aliyoivuna mwenyewe, na hapo lazima umwambie haitatoka kama ya kwanza. Ila muulize kwanza kwa nini. Mara nyingi utakuta anajua vizuri kuliko unavyodhani, tatizo ada ya mtoto imekula hela ya mbegu, na hapo somo la chotara halimsaidii, anahitaji mpange pamoja hata nusu eka ipate mbegu mpya.

6. Akina mama hawataongea mbele ya wanaume zao. Wafuate mashineni au bombani, uwe na muda.

7. Simu za ruzuku ya mbolea. Tangu msimu wa 2022/23 mambo ya kujiandikisha na kupata namba ya mbolea yamekuwa mengi, mtu mmoja atakupigia mara tano kuuliza swali moja. Mara ya tano mjibu kama mara ya kwanza. Wengine hawasomi meseji wenyewe, anamsubiri mtoto atoke shule, na mtoto akikosea kusoma anakupigia tena wewe. Mimi niliwahi kumfokea baba mmoja kwenye simu, akaacha kupiga, na msimu ule akapanda bila mbolea. Nilijua wakati wa kuvuna.

8. Ukikosea mbele ya watu rekebisha mbele ya watu, nimeshasema huko juu ila narudia kwa sababu hili ndo mnalikwepa wote, mnataka kumalizana pembeni na soda.

Sasa wewe kijana wa Alhamisi, najua utasoma hii na utajijua. Nakupenda na najua utakuwa afisa mzuri, ulivyoeleza nafasi ya kupanda mahindi, sentimita 75 kwa 30, siku ile hata mimi nilijifunza namna ya kusema. Jumanne ni gulio pale, na yule mzee nimeulizia, huwa anakaa karibu na wauza majembe kuanzia saa nne. Nenda kwa mguu, pikipiki iache kwa mtendaji. Mwambie unataka akuonyeshe anavyotia majivu, na umuombe siku ya mkutano ujao asimame yeye aonyeshe, wewe umshikie ndoo.