Aktiki huanzia wapi hasa?

SWALI: Mwalimu, salamu. Kijana wangu aliambiwa ataje nchi za Aktiki. Tukafungua atlasi, tukaona Iceland iko chini ya ule mstari wa nukta nukta, tukaiacha. Mwalimu wake akamkata alama. Mstari huo una maana gani basi?
– Mama Brayo, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama Brayo, mstari mlioutumia ni sahihi, ila unapima jua tu. Uko kwenye latitudo ya digrii 66 na nusu hivi kaskazini, na ukiuvuka, kuna angalau siku moja kwa mwaka ambayo jua halitui. Tena unahama. Mwinamo wa dunia hubadilika polepole, kwa hiyo mstari husogea kaskazini kama mita 14 au 15 kila mwaka. Huko Iceland unapita kwenye kisiwa kidogo cha Grímsey, ambako mwaka 2017 waliweka tufe la saruji lenye upana wa mita 3, nalo husogezwa ili liufuate.

Wanaosoma mimea na wanyama hutazama miti inakomea wapi, au mahali ambapo wastani wa joto la Julai haufiki nyuzi 10 za selsiasi. Mimi napenda kipimo hiki, maana mtoto wa Kenya anaweza kukiona kwa macho. Panda Mlima Kenya kupitia Naro Moru: utapita msitu, kisha mianzi, halafu baridi inaizuia miti kabisa. Kaskazini ni hivyo hivyo, ila wao hawahitaji kupanda. Ndiyo maana Rovaniemi kule Ufini, ulio pale pale kwenye mstari, umezungukwa na misonobari, ilhali Churchill nchini Kanada, kwenye digrii 58 tu, dubu weupe hukusanyika kila vuli wakingoja bahari igande.

Kipimo cha tatu ni cha serikali. Baraza la Aktiki liliundwa Ottawa mwaka 1996, na wanachama wake ni Kanada, Denmark (kwa sababu ya Greenland), Ufini, Iceland, Norwe, Urusi, Uswidi na Marekani (kwa sababu ya Alaska). Bila shaka mwalimu alitaka hizo nane, ingawa ingefaa aseme hivyo kwenye swali.

Kijana aziandike zote, na juu yake aweke “wanachama wa Baraza la Aktiki”, ili anayesahihisha ajue ametumia kipimo kipi.