Kiporo cha wali kwa mtoto mwenye siliaki: moto hauunguzi gluteni

Swali: Mwanangu wa miaka 9 alipimwa hospitali akakutwa na siliaki, ugonjwa ambao utumbo hujeruhiwa na gluteni ya ngano. Chapati, mkate na maandazi nimeacha kabisa kumpa. Jioni namkaangia kiporo cha wali kwa sosi ya soya na soseji, lakini bado anaharisha na tumbo linajaa. Muuza dawa za asili anasema nikaange kwa moto mkali gluteni iungue, kisha mtoto anywe dawa yake ya kusafisha utumbo. Ni kweli? – Mama, Ipagala, Dodoma

Jibu: Si kweli, mama, na dawa hiyo usimpe.

Hili la kuunguza gluteni linaniudhi kwa sababu nalisikia kila mara, na watoto ndio wanaoumia. Gluteni ni protini ya nafaka za ngano, shayiri na rai. Moto wa jikoni hauiondoi. Mkate huokwa kwenye nyuzi joto 200 na zaidi, chapati hubabuka juu ya chuma, na hivyo ndivyo vinavyomwumiza mwenye siliaki. Gluteni ikiingia kikaangoni, imeingia.

Wali wenyewe hauna kosa. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Soseji nyingi hujazwa unga wa ngano. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo vikague: lebo ikitaja "wheat", "barley" au "malt", rudisha dukani. Bizari na masala ya kupimiwa sokoni hayana lebo, kwa hiyo nunua viungo vizima utwange mwenyewe. Kisha kuna vyombo. Mafuta yaliyokaangia maandazi hayafai hata yakichujwa, na mwiko wa mbao uliokoroga uji wa ngano hubaki na unga kwenye nyufa. Mtengee mtoto kikaango na mwiko wake.

Kwa vikombe 4 vya wali uliolala kwenye friji, pasha vijiko 3 vya mafuta ya alizeti mapya hadi yachemke vizuri. Kaanga mayai 2, yatoe. Weka kitunguu, punje 3 za kitunguu saumu na tangawizi, kisha karoti na hoho kwa dakika 3. Vunja mabonge ya wali kwa mkono kabla ya kuumimina, ukaange nusu nusu. Ukijaza kikaango, wali unatoa mvuke na kuwa bokoboko. Mahali pa sosi tia chumvi nusu kijiko cha chai na kijiko 1 cha maji mazito ya ukwaju. Rudisha mayai, geuza, epua.

Kuhusu kiporo, nimesema friji kwa makusudi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kupikwa, na wali ukikaa kwenye sufuria usiku kucha kwa joto la Dodoma, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kukaanga hakuiui. Huenda sehemu ya huko kuharisha inatoka hapo. Wali ukiiva, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa 1, uliwe kesho yake. Kama huna friji, pika wa kumtosha tu.

Hao wa kusafisha utumbo sasa wanawaambia hata watu ambao hawajapimwa waache ngano. Utumbo wa mwenye siliaki hauna uchafu wa kusafishwa. Kuta zake zimejeruhiwa, na hupona gluteni ikikoma kuingia. Kumharisha mtoto ambaye tayari anaharisha ni kumkausha maji. Na anayejishuku kuwa na siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa: kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa mtu akiwa bado anakula gluteni, na akishaiacha kwa muda majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.