Albamu gani niweke kwenye bajaji? Jibu kwa kijana wa Nkuhungu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni dereva wa bajaji, napakia kati ya Dodoma mjini na Nkuhungu, na nimeokoka huu mwaka wa tatu. Redio yangu ni ya flashi, inaimba kutwa. Juzi kiongozi wetu wa vijana alipanda akakuta nasikiliza ngoma za asili za Hukwe Zawose, muziki ambao marehemu babu aliniachia kwenye kaseti nami nikauhamishia kwenye flashi. Akasema hiyo ni ngoma ya mizimu, niifute, niweke injili tupu. Nimefuta. Lakini tangu siku hiyo, mchungaji, nyimbo za injili zinanichosha. Naona kila moja ni adui zangu waaibike na mimi nipate gari. Je, nina tatizo la kiroho? Na kama itakupendeza, nitajie albamu unazozipenda wewe mwenyewe.

JIBU: Bwana asifiwe sana, mwanangu.

Kuchoka kwako si ugonjwa wa roho. Mtu akilishwa ugali mkavu wiki nzima, bila hata mlenda, koo litagoma, na hapo kosa si la koo.

Nianze na huyo kiongozi wako, maana najua nia yake ni njema. Anaamini kwamba wimbo ukiitwa wa injili umeshapona, na usipoitwa hivyo una pepo. Ingekuwa rahisi hivyo, Agostino wa Hippo asingehangaika. Agostino alikuwa Mwafrika wa kaskazini, askofu, na katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake anasimulia jinsi alivyolia machozi kwa nyimbo za kanisa siku za mwanzo za wokovu wake. Kisha anakiri jambo ambalo wengi wetu hatulisemi: kuna nyakati sauti ya mwimbaji humgusa kuliko neno linaloimbwa, na hapo anajihesabu ametenda dhambi, na angependa asimsikie kabisa mwimbaji huyo. Hazungumzii nyimbo za kilabuni, mwanangu. Ni zaburi hizo, zinaimbwa ibadani! Lakini pamoja na wasiwasi wake wote hakuzifuta. Aliyumba huku na huku, mwishowe akaona afadhali kanisa liimbe.

Kwa hiyo jina la injili kwenye kasha halimalizi kazi. Paulo anawaambia Wakorintho, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia" (1 Wakorintho 14:15). Hiyo akili ndiyo iliyokuchosha wewe. Imesikia maneno, ikauliza maswali, ikakosa majibu. Mshukuru Mungu kwamba bado inauliza.

Mimi nina mizani yangu, nayo niliipata makaburini. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuzika kijana upande wa Mvumi. Kwaya ya vijana ilikuja na kinanda, spika na jenereta. Mwalimu wao akawa anapekua daftari la nyimbo, anafungua ukurasa, anafunga. Kila wimbo waliokuwa nao ulikuwa wa kuinuliwa, kushinda, kupanda viwango. Mama wa marehemu amekaa chini, kanga imemfunika mpaka usoni. Katika kuhangaika kule kidole cha mpiga kinanda kikagusa kitufe, mdundo wa sebene ukaanza kujipiga wenyewe juu ya kaburi. Wakahangaika kuuzima. Uliponyamaza, bibi mmoja akaanzisha tenzi kwa Cigogo, polepole, bila kifaa chochote. Wenzake wakadaka, mmoja juu, mmoja chini, sauti zikapandana kama Wagogo wanavyojua kupandanisha. Yule mama ndipo akalia. Tangu siku hiyo, nikipewa albamu najiuliza kwanza: humu ndani kuna wimbo hata mmoja unaoweza kuimbwa msibani?

Usidhani ni mizani ya mtu mwenye huzuni. Fungua Zaburi uhesabu: za maombolezo ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa kupanda juu mwishoni, na Roho Mtakatifu aliiacha hivyo. Albamu yenye nyimbo kumi za ushindi imechukua sehemu ya Zaburi na kutupa iliyobaki. Ndiyo maana inakuchosha wewe unayeamka alfajiri kutafuta pesa ya hesabu ya tajiri na bado bajaji inapasuka tairi.

Sasa albamu zenyewe. Ni zile ninazozirudia.

Kwa nyumbani, Mteule Uwe Macho ya Rose Muhando, ya mwaka 2004. Huyu mama alizaliwa Dumila kule Kilosa, akalelewa katika Uislamu, akaokoka baada ya kuugua kwa muda mrefu, na uimbaji wake ulianzia kwenye kufundisha kwaya hapa hapa Dodoma. Januari 2005 alitwaa tuzo tatu kwa mpigo katika tuzo za muziki wa injili nchini: mtunzi bora, mwimbaji bora na albamu bora. Watu wanakumbuka zaidi kucheza kwake. Mimi nakumbuka kwamba jina la albamu linamwonya aliyeokoka mwenyewe. Halimtishi jirani wala mama mkwe. Anayeambiwa awe macho ni mteule. Weka hiyo asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza.

Ya pili ni Kwetu Pazuri ya Ambassadors of Christ wa Kigali. Hao ni Wasabato na mimi Mwanglikana, tunapishana kwa mengi, lakini ukifika wimbo wa nyumbani kwa Baba sioni tunapopishana. Mwaka 2011 kwaya hiyo ilipata ajali ya barabarani ikirejea Rwanda kutoka huduma hapa kwetu Tanzania, na waimbaji watatu wakafariki. Kwenye msiba, wimbo wao huu hauhitaji utangulizi wa mtu.

Ya tatu itakushangaza kwa sababu ni ya Kilatini. Inaitwa Missa Luba, ilirekodiwa mwaka 1958 na kwaya kutoka Kamina, Katanga, chini ya padri Mfransisko wa Kibelgiji, Guido Haazen. Maneno ni yale yale ya Misa ya Kikatoliki ya karne nyingi, ila mahadhi na ngoma ni za Kongo. Sikiliza Kyrie, yaani "Bwana, utuhurumie". Wameiimba kwa mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Nilipolijua hilo niliirudia mara tatu usiku ule ule. Watu waliambiwa waombe rehema, wakatafuta katika mila zao sauti inayofanana na kuomba rehema, wakaikuta kwenye msiba wa babu zao. Hawakuombwa waiache mlangoni.

Na ya nne ni Amazing Grace ya Aretha Franklin, iliyorekodiwa kwa siku mbili za Januari 1972 ndani ya kanisa la Wabaptisti mjini Los Angeles, pamoja na mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Hawakuingia studio. Utasikia waumini wakiitikia, wakipiga makofi, wakimhimiza, na wimbo mmoja unavutwa zaidi ya dakika 10. Hata kama Kiingereza kinakupita, utaelewa mahali anaposhikwa na hisia na mahali kwaya inapombeba. Maneno ya wimbo uliobeba jina la albamu ni ya John Newton, Mwingereza aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji. Sisi ambao misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikatiza Ugogo wetu kwenda Bagamoyo, tuna sababu ya kuusikiliza polepole.

Tenzi za Rohoni sina haja ya kukutajia. Tafuta tu rekodi ya kwaya isiyozidisha kinanda.

Turudi kwa Zawose. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ulichofuta hukukijua thamani yake. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa hapa kwetu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, baadaye akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Chibite, aliyoitoa mwaka 1996 na ndugu yake Charles Zawose, imesikilizwa na watu wasioijua hata Dodoma iko wapi. Umewahi kuitazama ilimba kwa karibu? Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kwenye matundu yake hubandikwa utando wa buibui ili kila noti itetemeke kidogo, kama mtu anayeimba akiwa na kilio kooni. Mtu aliyegundua kwamba nyumba ya buibui inaweza kuongezea mbao sauti alikuwa anatumia akili aliyopewa na Muumba.

Je, ni muziki wa Kikristo? Hapana, na usiulazimishe uwe. Mwanzo 4:21 inasema Yubali ndiye baba yao wote wapigao kinubi na filimbi, na Yubali ni wa uzao wa Kaini. Kinubi kilitoka kwenye ukoo huo, na bado Daudi alikishika na roho mbaya ikamwacha Sauli. Wamisionari wa kwanza huku kwetu walipiga marufuku ngoma. Muheme ya kina mama, ile ngoma inayobanwa mapajani, waliiona ya jandoni na unyagoni tu. Leo ziko sharika za Ugogo ambazo utaisikia ndani ya ibada, mikononi mwa wazee wa kanisa wa kike. Sisemi kila ngoma imetakasika. Ukiimba wimbo unaoita mizimu, ukijua unaita mizimu, acha. Kama babu yako aliutumia muziki huo kwenye matambiko na wewe ukiusikia moyo unarudi kule, acha pia, kwa ajili yako mwenyewe, kama Paulo alivyoshauri juu ya nyama ya sanamu. Lakini kama unachokumbuka ni babu ameketi chini ya mbuyu na redio kaseti yake, huyo si mzimu, ni babu. Siku moja nenda kwenye tamasha la muziki wa Cigogo kule Chamwino, uone waumini wangapi wamo humo wakicheza.

Mambo mawili ya haraka. Hizo flashi za kununua mtaani zimejaa nyimbo mia tano za watu ambao hawakulipwa hata senti. Sheria ya Hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999, na amri ya nane ni ya zamani kuliko hiyo. Nunua albamu mbili kihalali, zinatosha. La pili, abiria wako si wote Wakristo, na wengine wametoka hospitali. Punguza sauti mtu akipanda. Akiomba uzime, zima, wala usimhubirie kwa spika.

Kiongozi wako usimjibu kwa hasira. Mwazime Missa Luba.

Na ile kaseti ya babu, kwa kuwa ulifuta flashi tu, bila shaka bado unayo. Iweke mbali na jua la dashibodi. Kama utepe umelegea, ukaze taratibu kwa kalamu ya Bic kabla hujaiingiza kwenye redio, halafu irekodi upya mara moja tu, upande wa kwanza na wa pili. Utepe wa umri huo haustahimili kurudiwarudiwa.