Nukta mbili zinatosha: kwa anayeanza mlinganyo wa mstari mnyoofu

Ukipewa nukta mbili na kuambiwa utafute mlinganyo wa mstari unaozipitia, usikimbilie kuandika y = mx + c (m ni mteremko, c ni mahali mstari unapokata mhimili wa y). Wanafunzi wengi huiandika hata kabla ya kuyasoma majira yenyewe, yaani namba za x na y za kila nukta, kisha wanabaki kuhangaika na c. Jiulize kwanza: katika mstari mnyoofu, ni kitu gani kisichobadilika? Ni mteremko. Chagua nukta zozote mbili juu ya mstari huo, ziwe jirani au mbalimbali. Badiliko la y ukiligawa kwa badiliko la x unapata namba ileile, nayo ndiyo mteremko. Kazi yote iliyobaki inatoka hapo.

Chukua A(-3, 7) na B(5, -9). Kabla ya kukokotoa, zitazame. Kutoka A kwenda B, x inaongezeka na y inapungua, kwa hiyo mstari unashuka kuelekea kulia na mteremko lazima uwe hasi. Ukija kupata chanya, utajua mapema kuna mahali umeteleza.

Sasa toa. Badiliko la y ni -9 - 7 = -16. Badiliko la x ni 5 - (-3) = 8. Mteremko ni -16/8 = -2. Hayo mabano ya -3 yaandike kila mara, hata ukishazoea, maana alama hupotea hapo kuliko mahali pengine popote. Unaweza pia kuanza na A na kutoa B: 16 juu, -8 chini, jibu ni -2 vilevile. Kinachoharibu ni kuanza na B juu halafu A chini.

Baada ya hapo, weka nukta P(x, y) popote juu ya mstari. Mteremko kati ya A na P nao lazima uwe -2:

(y - 7)/(x + 3) = -2

Zidisha pande zote kwa x + 3, upate y - 7 = -2x - 6, yaani y = -2x + 1. Hiyo c imejitokeza yenyewe: mstari unakata mhimili wa y kwenye 1.

Kisha hakiki, na hapa naomba usikilize kwa makini. Hakiki kwa B, si kwa A. Mlinganyo umeujenga juu ya A, kwa hiyo A itaukubali hata kama mteremko wako si sahihi. B ndiyo inayoweza kukuumbua. Weka x = 5: -2(5) + 1 = -9. Sawa.

Mteremko ukiwa sehemu, usiugeuze kuwa desimali. Kwa (2, 1) na (8, 5) mteremko ni 4/6, yaani 2/3. Ukiandika 0.67 umeshauhamisha mstari. Andika 3(y - 1) = 2(x - 2), na unafika 2x - 3y - 1 = 0 bila sehemu hata moja. Hakiki kwa nukta ya pili: 16 - 15 - 1 = 0.

Nukta zenye x moja, kama (4, -1) na (4, 6), hazina mteremko kwa sababu ungegawa kwa sifuri. Mstari umesimama wima; andika x = 4, umemaliza. Zenye y moja, kama (-2, 5) na (7, 5), zina mteremko 0 na mlinganyo ni y = 5.

Swali likikupa nukta moja na mstari mwingine, mteremko umefichwa humo. Mistari sambamba ina mteremko mmoja. Inayokatana kwa pembe mraba, miteremko yake ikizidishwa hutoa -1, isipokuwa mmoja ukiwa wima. Kwa hiyo mstari unaoukata ule wa kwanza, wenye mteremko -2, kwa pembe mraba una mteremko 1/2. Ukishaupata, rudi kwa P(x, y) na nukta uliyopewa, uendelee kama mwanzo.