Intaneti ya nyumbani Mtwara na Lindi: pima mnara kabla ya kulipia

Watu wengi huanza na bei ya kifurushi. Kwa anayekaa Chikongola, Mikindani, Mitwero au ndani zaidi kule Tandahimba, bei ni swali la mwisho. La kwanza ni nani anafika mpaka nyumbani kwako, na anafika na nguvu gani saa 2 usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Anza na faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya mpaka nyumbani. Nenda ofisi ya TTCL na jina la mtaa pamoja na picha ya nguzo iliyo karibu nawe, uulize kisanduku cha kugawia laini kiko wapi na kama kina nafasi. Visanduku vingi vina nafasi 8 au 16, kwa hiyo jirani anaweza kuwa nayo na wewe ukaambiwa usubiri. Nafasi ikiwepo, chukua faiba.

Isipokuwepo, umebaki na minara ya simu, na hapo kazi ndiyo inaanza. Usinunue ruta kwanza. Azima simu za majirani wenye laini za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, uzipime ukiwa ndani ya nyumba yako. Simu nyingi za Android ukibonyeza *#*#4636#*#* zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hiyo ina alama ya kutoa: -85 ni nzuri, -100 inavumilika, ikifika -115 jiandae kwa taabu. Vile vijiti vya juu ya kioo visikudanganye, kila simu huvichora kwa kipimo chake.

Kisha pima spidi mara mbili, saa 11 alfajiri na saa 2 usiku, ukiwa umesimama palepale. Tuseme mawimbi ni -88 nyakati zote mbili, alfajiri unapata Mbps 25 na usiku Mbps 2. Huo ni mnara uliozidiwa na watu. Hakuna antena itakayokusaidia, hata fundi akikuapia. Tafuta kampuni nyingine. Lakini kama mawimbi ni -112 na spidi ni ndogo hata alfajiri, shida huenda ni umbali, mikorosho iliyo mbele yako au bati la paa, na hapo antena ya nje inayoelekezwa mnarani inaweza kubadilisha mambo kabisa. Msimu wa mvua majani yakiloa mawimbi hupungua zaidi, basi usichague kampuni ambayo hata kiangazi mawimbi yake yanafika kwa shida.

Waya wa antena usizidi mita 10, kwa sababu kila mita inakula mawimbi. Viungio vya nje vifunge kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Chumvi ya bahari huvila, hasa nyumba za Shangani na Mikindani.

Ruta iwe na matundu ya antena na isiwe imefungwa kwa mtandao mmoja. Hili ni muhimu sana kwetu: mnara ukizidiwa mwakani, unabadilisha laini tu, hununui kifaa upya. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnarani, si ndani ya kabati la televisheni.

Kifurushi kisicho na kikomo mara nyingi kina kikomo. Uliza: baada ya GB ngapi spidi inashushwa, na inashushwa mpaka ngapi? Video ya ubora wa juu inaweza kula GB 3 kwa saa, kwa hiyo saa 2 kila jioni ni GB 180 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kusaini mkataba wa mwaka. Kama kuna wa mwezi mmoja, anza na huo.

Umeme nao usiusahau. Soma kibandiko cha ruta, nyingi ni volti 12 na ampea 1 hadi 2, nyingine volti 9, ununue betri ndogo ya akiba inayolingana. Ila mnara nao unategemea umeme. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, angalia ni laini ipi bado inafanya kazi mtaani kwako. Kama kampuni mbili zinakaribiana spidi, chukua ile ambayo laini yake haikuzimika.