Aache unga kwanza ndipo atibiwe akili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 24, anavuta unga, yaani heroini. Miezi miwili sasa anasikia sauti zikimtukana, usiku halali. Zahanati wameniambia aache unga kwanza, akili itibiwe baadaye. Mganga mmoja anataka nimfungie ndani siku saba anywe dawa ya kusafisha damu. Nifuate lipi? – Mama, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Usifuate hata moja.

Hili la “aache kwanza” linanichosha. Anayetukanwa na sauti usiku kucha hawezi kuvumilia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, na mwenye arosto hatakumbuka vidonge vya akili. Yote mawili hutibiwa pamoja, na mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani umeyaweka pamoja makusudi kwa ajili ya vituo visivyo na bingwa.

Tena unga peke yake kwa kawaida hauleti sauti. Kwa hiyo aulizwe bila kukaripiwa: anachanganya na bangi, pombe au valiamu? Aliwahi kusikia sauti kabla ya unga? Ameumia kichwa? Apimwe malaria, sukari, VVU na TB. Omba zahanati barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, iandikwe matatizo yote mawili.

Akianzishwa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, siku ya kwanza hupewa kati ya miligramu 10 na 30, anywe mbele ya mhudumu, kisha hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Siku za mwanzo atalalamika haimtoshi. Asijiongezee valiamu wala pombe: vikikutana na methadoni, pumzi huweza kusimama. Ataje kila dawa anayomeza, hata ya sauti, kwa sababu baadhi yake, kama haloperidoli, zikiungana na methadoni huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Akiwa na TB, rifampisini, moja ya dawa za TB, huishusha methadoni mwilini na arosto hurudi. Dozi irekebishwe, asiache dawa yoyote.

Sasa hao wa kufungia watu ndani. Damu haina unga wa kuoshwa siku saba. Arosto ya unga huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua yenyewe, na mganga hujisifu kaponya. Kumbe mwili umeshasahau kuhimili unga. Kijana akitoka na kuvuta kiasi kile kile cha zamani, anaweza kufa papo hapo. Na kama alikuwa mnywaji wa gongo kila siku, kukatishwa ghafla huweza kuleta degedege ndani ya siku mbili, kisha kuweweseka kunakoweza kuua. Huyo anahitaji dayazepamu (ndiyo valiamu) inayopunguzwa kwa mpango na sindano za vitamini B1, hospitalini, si kufuli.

Ukimkuta anakoroma kwa kukwama, midomo imegeuka rangi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano na haamki, usimnyweshe maziwa wala kummwagia maji. Mlaze ubavu, pumzi ikikatika mgeuze chali, inua kidevu, mbane pua na umpulizie mdomoni kila baada ya sekunde tano, huku mwingine akitafuta usafiri. Ukifika, sema wazi kwamba ni unga, wapate kumchoma naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga, mara moja.